Programu ya Marehemu Mume Wangu Ikifunguka, Litokee Jina la Nani?

Mpendwa mshauri Pudensiana, naomba msaada wako, na ukiona maneno yangu yanakimbizana usishangae, maana tangu juzi sijatulia, nikikamua ng'ombe nacheka peke yangu, nikimenya ndizi nacheka, mpaka mama mkwe wangu ameniuliza kama nimepata homa. Mimi ni mjane wa hapa Kyimo, wilaya ya Rungwe, mama wa mtoto mmoja anayeitwa Ikupa, elimu yangu ni kidato cha nne na sikufaulu vizuri, nafuga ng'ombe wa maziwa na nina migomba na chai kidogo. Mume wangu Gwakisa alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari na mwalimu wa kwaya kanisani, akafariki mwaka jana wakati wa mvua kubwa, moyo ulisimama ghafla akiwa anafunga kamba za viatu, kiatu kimoja kilikuwa tayari. Jambo ninalokuletea linamhusu yeye na linahusu kompyuta, lakini tafadhali usiiweke barua pembeni kwa sababu ya hilo neno kompyuta, nitaeleza taratibu kama nilivyoelezwa mimi.

Gwakisa aliacha programu ya kompyuta aliyoitengeneza mwenyewe. Ukiifungua unaona nyimbo zimepangwa, unachagua wimbo, kisha unachagua sauti yako, ya kwanza, ya pili, ya tatu au besi, nayo inakuimbia sehemu yako kwa nguvu na zile nyingine kwa chini, ili mtu asiyejua kusoma nota ajifunze nyumbani kabla ya kufika mazoezini. Sauti zote tulirekodi sisi na wanakwaya wenzetu kwenye stoo ya nyasi za ng'ombe, kwa sababu mvua ya huku ikipiga bati hakuna kinachosikika, na stoo ile tulikuwa tumeijaza nyasi mpaka juu, sauti inatulia. Kwenye wimbo mmoja ng'ombe wetu analia kabisa pamoja na sauti ya pili, mimi nikataka turudie, Gwakisa akakataa, akasema mbona hata ng'ombe yuko kwenye sauti. Jioni alipokuwa akiandika programu mimi nilikaa ubavuni mwake nikichambua maharage, naye alikuwa na tabia ya kueleza kila anachofanya hata kama hujamuuliza, na chai yake alikuwa anabakiza kidogo chini ya kikombe, anasema hiyo ni ya kesho, na kesho yake hainywi kamwe. Kumbe maelezo yale yalikuwa yananiingia.

Baada ya msiba kompyuta yake ilikaa imefunikwa kitambaa. Mwaka huu Boazi, kiongozi wa kwaya moja kule Lupepo, akanijia akasema kuna mkutano wa kwaya Tukuyu, kwaya nyingi zitafika, wanataka ile programu ya Mwalimu ili wajifunze nyimbo za pamoja. Mshauri, nilisikia kama mtu amefungua dirisha. Nikatoa kitambaa, nikaiwasha, ikawaka. Nikanakili programu kwenye flashi, nikapanda gari mpaka Lupepo, wanakwaya wamekaa kwenye mabenchi wananisubiri, Boazi akaifungua kwenye kompyuta yake, nyimbo zikatokea vizuri kabisa, akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena, kimya. Akaweka sikio kwenye kompyuta kama anayesikiliza kama maji yamechemka, akasema, "Mama Ikupa, hii ni kwaya ya mabubu?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini machozi yalikuwa karibu.

Pale Tukuyu mjini kuna dada anaitwa Anneth, ana duka la kutengeneza kompyuta na kuchapa. Nikampelekea ile flashi, akaitazama kidogo tu akasema, "Mama, umebeba mpishi ukaacha chakula." Kumbe programu ni kitu kimoja, na zile rekodi za sauti ni mafaili mengine pembeni, yalibaki kwenye folda nyumbani, na programu ilipofika Lupepo ilikuwa bado inayatafuta kwenye kompyuta ya Gwakisa, kama mgeni aliyefika kwako halafu anatafuta chumvi kwenye kabati la nyumbani kwake. Nikamletea zile rekodi, tukakaa mimi na yeye siku nzima. Tulitengeneza kifurushi kimoja, ndani yake programu, rekodi, picha na nota, na tukaielekeza programu itafute vitu vyake humo humo ndani ya kifurushi, popote kitakapokwenda. Ile sehemu ya kuielekeza niliandika mimi kwa vidole vyangu, mshauri! Nilikumbuka Gwakisa alivyokuwa akisema, mwambie mahali pa kuanzia, usimwambie anwani ya kwako. Nilirudi Lupepo, Boazi akabonyeza, na sauti nne zikatoka. Wanawake wakapiga vigelegele. Besi ilipoingia, ile besi ya Gwakisa, Boazi akasimama wima kama mtu aliyeona mwalimu anaingia darasani. Na yule ng'ombe alipolia, benchi zima lilianguka kwa kicheko. Wakanishukuru kwa kilugha chetu, ndaga fijo, ndaga fijo, yaani asante sana.

Mama mkwe wangu, Mama Esnath, alikuwa hajasikia sauti ya mwanawe tangu azikwe. Nilipompigia wimbo nyumbani aliuliza, "Hakuna pale anapoongea tu?" Nikakumbuka ipo rekodi moja ambayo hatukuitumia, anakohoa kidogo halafu anasema, "Haya, besi, msilale!" Nikampigia. Mama Esnath akajibu ile kompyuta, "Hawalali, mwanangu." Nikasema hii lazima iingie kwenye programu, kila mtu akiifungua aisikie kwanza.

Wakati huo Anneth alikuwa ameshakitia kifurushi sahihi ya kidijitali ya majaribio. Alinieleza kwamba programu inayosafiri hupigwa kitu kama lakiri, ule muhuri wa nta wa kufungia barua, kompyuta inapima kila kilichomo ndani na kukifunga, ili anayeipokea ajue ni nani aliyeifunga na kwamba hakuna mtu aliyechomeka kitu njiani. Mimi nilielewa ile ya nani, ile ya kuchomeka sikuitilia maanani, kwa kuwa mimi si mtu wa njiani, mimi ni mwenyewe. Nikafungua kifurushi nyumbani, nikaingiza ile sauti, nikafunga, nikapeleka mjini kwa fahari. Anneth akaikagua, kompyuta ikasema lakiri imevunjika, kifurushi kisiaminike. Nikasema nimeua kazi yote ya Gwakisa. Anneth akanishika bega akasema, "Hujaua kitu, mama. Mafaili yote yaingie kwanza, sahihi ije mwisho. Kompyuta haijui kama wewe ni mke wake." Tukarudia kwa mpango huo na ikakubali, nami nikarudi Kyimo nikiimba njiani.

Sasa ndiyo nafika kwenye shida. Kwaya za Igogwe na za mjini nazo zinaitaka, na wengi wataichukua kwenye mtandao, na sahihi ya majaribio haina jina, kompyuta zao zinawatisha kwamba mchapishaji hajulikani, inaweza kuwa na virusi. Mzee mmoja aliizima kompyuta yake na kuchomoa waya ukutani. Anneth amenifungulia maombi ya cheti cha kweli kwa kampuni inayotoa vyeti hivyo, ada wanakwaya wamechanga na imetosha, kila kitu kimejazwa, imebaki jina na kuthibitisha uso kwa kamera. Jina hilo ndilo litakalotokea kwenye kioo cha kila mtu kabla programu haijafunguka.

Nikiweka langu, kama lilivyo kwenye kitambulisho, litatokea Alinanuswe Mwaseba. Huo ni ukoo wa baba yangu. Shemeji yangu Asajile, mdogo wake Gwakisa, aliposikia alisimamisha jembe. Ni lazima nikueleze, mshauri, kwamba katika ukoo wa mume wangu mtu akifa, siku ya kumaliza matanga mdogo wake hukalishwa kwenye kiti cha marehemu, anavishwa koti lake, na wazee wanampa jina. Kuanzia hapo yeye ndiye Gwakisa, Ikupa anamwita baba, na wazee wakimtafuta wanasema mwite Gwakisa. Mimi sikurithiwa, nisieleweke vibaya, Asajile ana mke wake na tunapendana. Lakini jina analo, na analibeba kwa heshima, hata mgomba wa mpakani ukianguka anakuja kuusimamisha kabla sijaamka.

Basi akaja na mimi mpaka kwa Anneth, amevaa lile koti. Akauliza, "Hao watu wa cheti wanataka nini hasa?"

Anneth akasema, "Kitambulisho na uso, baba."

"Kitambulisho cha Gwakisa kipo kabatini kwa shemeji. Uso ndio huu."

"Huo ni uso wako."

"Tunafanana. Mama yetu mwenyewe alikuwa anatuchanganya."

Anneth akacheka akasema, "Baba, wanaangalia na mwaka wa kuzaliwa."

Asajile hakucheka. Akasema, "Dada, mimi sijaiba jina. Wazee walinikalisha mchana, watu wanaona. Ikija kutokea programu ya kaka yangu inafunguka kwa jina la wakwe, watu watasema tumeshindwa hata kutunza kazi ya mtu wetu. Shemeji, sema basi."

Na mimi, mshauri, sikumpinga, kwa sababu moyoni nilikuwa nimependa. Nilifikiria mtu wa Igogwe anafungua kompyuta yake na kioo kinamwambia, hii imetoka kwa Gwakisa Mwakilembe, kana kwamba yupo tu nyumbani anamalizia chai. Programu si yangu, mimi nilikuwa nachambua maharage. Nikiweka jina langu najiona kama niliyevaa viatu vyake na kwenda navyo harusini. Anneth amekataa kubonyeza mpaka nimpe neno langu, na anasema kama cheti hakijaombwa wiki hii hakitawahi mkutano wa kwaya, na kwaya zote zinajiandaa kwa nyimbo zile. Asajile naye ananisubiri nijibu, kila jioni anapita kwenye uzio anauliza, "Vipi shemeji?"

Tena kuna mambo madogo. Nyimbo mbili hazina besi, alikufa hatujarekodi, Asajile naye ni mtu wa besi ingawa huwa anachelewa kuingia. Halafu Anneth ananiambia leta mafaili yote ya ziada tufunge moja kwa moja, na kila nikifika mjini nakuta nimekumbuka kingine. Wiki iliyopita nilipata rekodi anagonga debe la maziwa na upawa kutafuta mwendo wa wimbo. Juzi nikapata nyingine anasema, "Mvua hiyo, anueni nguo," na kwa mbali nasikika mimi nikikimbia. Nayo nataka iingie. Jana usiku nimekumbuka huenda iko moja anayomfundisha Ikupa kupiga mluzi, bado naitafuta.

Nimefurahi sana, mshauri, na nimekwama sana. Niambie, nimpe Asajile kitambulisho? Au niweke jina langu na niwe mwizi wa mume wangu? Majina yetu usiyafiche, familia imeridhia, na huku Kyimo hata ukiyaficha watajua tu ni nani mwenye ng'ombe anayeimba.

Ni mimi mama Ikupa,
Alinanuswe, Kyimo.

PUDENSIANA ANAJIBU

Mama Ikupa, pole kwa Gwakisa, na hongera kwa kuifanya kompyuta ya Lupepo iimbe. Nimekusoma asubuhi nikacheka kwa sauti kwenye ofisi yenye watu, kisha nikakumbuka kile kiatu kimoja nikaacha kucheka. Sasa keti, maana nitakusifu na nitakukaripia, na sitapanga vizuri kipi kinatangulia.

Kitambulisho cha marehemu hakitoki kabatini. Nimeanza na hilo ili hata ukiishia hapa uwe umelipata. Usimpe Asajile, usimpe Anneth, usikipige picha.

Shemeji yako si tapeli, na nimefurahi hukumwita hivyo. Wazee wa ukoo walimpa jina kwa kazi ya ukoo: asimame pale Gwakisa aliposimama, awe baba kwa Ikupa, ausimamishe mgomba. Analifanya hilo, na kwa maelezo yako analifanya vizuri kuliko wengi ninaowasoma kwenye safu hii. Lakini kampuni inayotoa cheti haikuwepo kwenye matanga. Yenyewe inauliza swali moja tu: huyu anayefunga kifurushi hiki ni mtu gani, yuko hai, na tukimtafuta tutampata? Kujibu swali hilo kwa kitambulisho cha mtu aliyezikwa na uso wa mtu mwingine ni udanganyifu, na sheria haitauliza nani alivaa koti la nani. Tena fikiria siku watakapogundua. Nimemuuliza Hellen, fundi wetu wa kompyuta hapa gazetini, akaniambia cheti hufutwa, na kompyuta za Lupepo, za Igogwe na za mjini zitaanza kuikataa programu, na jina litakaloandikwa pale kwamba lisiaminike ni Gwakisa Mwakilembe. Mtakuwa mmemfanya mdanganyifu mtu asiyeweza kuinuka kujitetea. Asajile anataka kulitunza jina la kaka yake. Mwonyeshe sehemu hii aisome, ataelewa haraka kuliko unavyodhani.

Sasa wewe. Unasema ukiweka jina lako wewe ni mwizi. Acha hayo. Kila siku unapeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia. Debe linaandikwa jina la nani? Lako. Haliandikwi la ng'ombe, na sijasikia ng'ombe amelalamika. Linaandikwa lako kwa sababu maziwa yakikutwa na maji, ni kwako watakakobisha hodi. Gwakisa anisamehe kwa mfano huu, lakini sahihi ya programu ndivyo ilivyo. Haisemi nani alitunga. Inasema: mimi, niliye hai, ndiye niliyekusanya vilivyomo, nikavifunga, na mkiona kasoro niulizeni mimi. Je, aliyeielekeza programu itafute vitu vyake ndani ya kifurushi ni nani? Nani atapigiwa simu na yule mzee aliyechomoa waya ukutani? Mke aliyekuwa akichambua maharage, sivyo? Basi acha kujifanya mgeni kwenye kazi uliyoimaliza kwa vidole vyako.

Na jina la Mwaseba lisiwatishe wakwe. Baba yako alikupa jina hilo, na ndilo ulilokuwa nalo siku Gwakisa alipokupenda. Yeye alilijua.

Jina lake lina mahali pazuri zaidi. Hellen anasema programu yenyewe inaweza kuitwa jina mtakalo. Iite kwa jina lake. Ukurasa wa kwanza uwe na picha yake na maneno machache yaliyoandikwa na Asajile, kama mdogo wake aliyekalishwa na wazee, na atie jina lake chini. Hapo ndipo jina la ukoo litakapokaa, mbele ya macho ya kila mwimbaji, kila mara anapofungua. Picha hiyo na maneno hayo ni mafaili ya ziada kama yale mengine, kwa hiyo yaingie ndani ya kifurushi kabla ya sahihi. Hilo ulishalijua, ulijifunza siku lakiri ilipovunjika.

Kuna jambo umeliandika mwishoni kama dogo, nami nimelisoma mara mbili. Kila siku ya kufunga unakumbuka faili jingine. Upawa, mvua, sasa mluzi. Mama Ikupa, nakwambia kwa upendo: hata jina lisingekuwa na ubishi wowote, wewe ungekuwa bado hujafunga. Unaogopa kupiga lakiri kwa sababu unahisi ukishapiga hataongezeka tena, hakuna neno lingine litakaloingia, ndiyo basi. Nakuelewa. Mimi nilimzika mama yangu na nikakaa muda mrefu sifui kanga yake moja. Lakini kifurushi si kaburi. Hellen amecheka nilipomwambia, akasema hakuna programu duniani inayofungwa mara moja. Hili ni toleo la kwanza. Ukipata mluzi, utauweka kwenye toleo la pili, utafunga upya, utatia sahihi upya, na watu wa Lupepo watalipokea kwa vigelegele vile vile. Usichotakiwa kufanya ni kurudisha mkono ndani ya kile ambacho umeshakifunga. Na si kila sauti ni ya watu wote. Ile ya nguo na mvua, ambayo unasikika ukikimbia, ningekuwa wewe ningeiacha nyumbani, iwe yako na Ikupa.

Basi fanya hivi, na ufanye wiki hii. Kesho ukitoka kukamua, mwite Asajile ndani, mpe chai, msomee jibu langu lote hata pale ninapomgusa. Halafu nenda kwa Anneth na kitambulisho chako, kaa mbele ya kamera kwa uso wako mwenyewe, usilie mpaka imalize kukupima. Cheti kikija, ule ufunguo wa siri wa kutilia sahihi uwe wako peke yako. Usiuache kwenye kompyuta ya dukani wala usiuweke kwenye flashi inayozunguka kwa wanakwaya, maana atakayeupata ataweza kufunga uchafu wowote kwa jina lako. Anneth ni mwema, namwona kwenye barua yako, lakini duka lina watu wengi. Picha, maneno ya Asajile, rekodi zilizokwisha tayari na ile "Haya, besi, msilale" ziingie zote, mzisikilize kwenye kompyuta nyingine isiyo ya Gwakisa ili msirudie kwaya ya mabubu, ndipo utie sahihi. Ukishatia, ondoka kwenye kiti.

Zile nyimbo mbili zisizo na besi ziende toleo la pili. Mwingize Asajile kwenye stoo ya nyasi, avue koti ili apumue vizuri, aimbe sehemu ya kaka yake. Wazee walimpa nafasi hiyo mchana, watu wanaona. Sasa ndiyo kazi yake. Akichelewa kuingia, unayo sauti ya kumwamshia.

Na siku ya mkutano, Boazi atakapobonyeza mbele ya kwaya zote na jina lako likatokea kwenye kioo, usiinamishe kichwa. Litakaa pale kwa muda wa kupepesa macho. Mtu atasoma Alinanuswe Mwaseba, atabonyeza ndiyo, halafu atakayekohoa kidogo na kuanza kusema ni Gwakisa.